Nguo za Kale Katika Makumbusho: Je, ni Hoja Katika Dini?

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, mjini London, vimehifadhiwa vipande vya nguo ya hariri vyenye maandishi ya Kiarabu yanayomtaja Marwan, Amiri wa Waumini, na karakana ya Ifriqiya. Wataalamu wengi wanasema huyo ni Marwan bin Muhammad (127–132 H / 744–750 M), khalifa wa mwisho wa Bani Umayya kule Sham. Vijana wetu huuliza: ikiwa makhalifa walivaa hariri, kwa nini sisi wanaume tukatazwe? Swali hili linastahiki jibu.

Tiraz ni nini?

Nguo za namna hii huitwa tiraz, neno la asili ya Kiajemi lililoingia katika Kiarabu, na kwetu likazaa "kutarizi". Watawala walikuwa na karakana zilizofuma au kutarizi majina yao kwenye ukingo wa nguo, na kutunukiwa nguo hiyo ilikuwa heshima kubwa. Ibn Khaldun katika Muqaddima ameihesabu tiraz miongoni mwa alama za ufalme.

Nyingi zilizobaki ni za kitani cha Misri, nazo zilifukuliwa makaburini. Wafanyabiashara walikata ukingo wenye maandishi na kutupa sehemu iliyobaki. Jambo hili linatuhuzunisha, kwani maiti ana heshima yake.

Hukumu ya hariri

Imethibiti kwamba hariri na dhahabu ni halali kwa wanawake wa umma huu na ni haramu kwa wanaume wake. Lakini katika Sahihi Muslim, Sayyidna Umar (R.A.) amepokea ruhusa ya kiasi cha vidole viwili, vitatu au vinne. Ndiyo maana ukingo wa hariri usiozidi hapo hauna ubaya. Ama nguo iliyochanganywa, Mashafii huangalia uzito: hariri ikizidi, ni haramu kwa mwanamume, Mahanafi huruhusu mtande wa hariri ikiwa mshindio si hariri.

Vazi lililokuwa hoja

Imepokewa pia na Muslim kwamba Bibi Asmaa bint Abi Bakr (R.A.) alisikia kuwa Ibn Umar anakataza nguo zenye alama za hariri. Ibn Umar akajibu kuwa amechelea tu zisiingie katika katazo. Bibi Asmaa akatoa juba la Mtume (S.A.W.) lenye mapambo ya dibaji, yaani hariri nzito, shingoni na kwenye mipasuo. Lilikuwa kwa Bibi Aisha (R.A.) mpaka alipofariki, kisha yeye akalichukua.

Tazama tofauti, ewe ndugu msomaji. Juba lile lilikuwa hoja kwa sababu ya aliyelivaa. Hariri ya Marwan inatufundisha historia: ufundi, maandishi na mambo ya dola. Haihalalishi kitu, kwani vitendo vya wafalme si dalili katika sharia.

Basi tuzihifadhi kanzu na vilemba vya wazee wetu, tuwafundishe watoto habari zake, lakini halali na haramu tuzichukue mahali pake.

Wallahu a'lam.