Saratani ya ngozi: mkimbiaji kagua nyayo, mchangiaji nunua mafuta

Msimu wa mbio za hisani ukikaribia, maswali ya wasomaji huja kwa wingi, na safari hii mengi yanahusu jambo moja. Wapo wanaojiandaa kwenda Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon huku wakichangisha fedha kwa ajili ya saratani ya ngozi, na watu wanauliza: huo si ugonjwa wa Wazungu? Kukimbia juani hakuleti saratani hiyohiyo tunayoipinga? Mafuta ya jua tupake sote? Mmoja ameuliza kama kucha iliyogeuka nyeusi baada ya mazoezi ni dalili ya hatari. Hilo la mwisho ndilo swali zuri kuliko yote, ingawa ndilo linaloulizwa kwa nadra.

Hofu ya kukimbia juani ina msingi. Mwaka 2006 madaktari wa ngozi wa Graz, Austria, walichapisha utafiti uliolinganisha wakimbiaji 210 wa marathoni na watu wengine 210. Wakimbiaji walikutwa na madoa ya jua na vidoa vya kutiliwa shaka kwa wingi zaidi, na ni zaidi kidogo ya nusu yao tu waliokuwa na mazoea ya kupaka mafuta ya kujikinga. Lakini hao walikuwa watu wenye ngozi nyeupe. Kuuchukua ujumbe wao kama ulivyo na kuuchapa kwenye fulana za Moshi ni kuwapotosha watu wetu, kwa sababu kwetu ugonjwa huu una sura mbili tofauti, na kila moja ina watu wake.

Tuanze na kinachotokea ndani ya ngozi, maana porojo nyingi huishia hapo. Mionzi ya urujuanimno ya aina ya B haiunguzi DNA, bali huifunga vibaya. Herufi mbili kati ya nne za DNA, yaani T na C, zikikaa jirani kwenye uzi mmoja hufyonza nguvu ya mwonzi na kushikana zenyewe kwa zenyewe, katika muda mfupi mno kuliko kufumba na kufumbua. Seli ina protini zinazopita zikikagua uzi, zikikata kipande kilichoharibika na kujaza kipya. Kazi hiyo huchukua saa nyingi. Seli ikigawanyika kabla haijakamilika, C husomwa kama T. Kosa hilo, hasa CC inapogeuka kuwa TT, ni alama ya jua isiyofutika, na watafiti huikuta kwenye jeni ya p53 ya saratani za ngozi.

Jeni hiyo ndiyo inayoiamuru seli iliyoharibika ijiue. Ikishaharibika yenyewe, seli mbovu haifi tena. Ubaya ni kwamba jua linaendelea kuziua seli nzima zilizo jirani, ambazo bado zinatii amri, na nafasi zinazobaki wazi huchukuliwa na ile mbovu. Kwa hiyo jua huipanda mbegu, kisha likaifyekea shamba.

Melanini ndiyo inayozuia haya. Katika ngozi nyeusi, chembe zake ni kubwa na hujipanga juu ya kiini cha seli, upande uleule jua linakotokea. Vipimo vilivyochapishwa Marekani mwaka 1979 vilionyesha kuwa tabaka la juu la ngozi nyeusi hupitisha takriban asilimia 7 ya mionzi ya aina ya B, na la ngozi nyeupe asilimia 24. Hiyo ndiyo sababu saratani itokanayo na jua ni nadra kwa Mwafrika mwenye rangi yake kamili. Nadra, lakini ipo.

Sasa mtazame mtu mwenye ualbino. Seli za kutengeneza rangi anazo, tena kwa idadi ileile kama mimi na wewe. Katika aina ya ualbino inayopatikana zaidi Afrika, iitwayo OCA2, hata kimeng'enya kinachounda melanini, tirosinasi, kipo. Kilicho na hitilafu ni protini moja inayopunguza asidi ndani ya vifuko vidogo ambamo melanini hutengenezwa. Asidi ikizidi, kimeng'enya hakifanyi kazi ipasavyo, na rangi haitoki au hutoka kidogo sana. Basi, ni hivyo tu. Hakuna laana, hakuna mama aliyekosea. Wazazi wote wawili wamebeba nakala moja yenye hitilafu bila kujua, na kila mimba ina uwezekano wa mara moja kati ya nne wa kuzaa mtoto mwenye ualbino.

Bado nasikia watu wazima wakisema kwamba mtu mwenye ualbino hafi, bali hutoweka. Wanakufa, na wengi hufa wangali vijana, na saratani ya kichwani, usoni na shingoni ni miongoni mwa sababu kubwa. Mwaka 1985 utafiti uliofanywa kwa watu 350 wenye ualbino jijini Dar es Salaam ulichapishwa, nao ulionyesha kuwa ngozi huanza kuharibika tangu utotoni. Miaka arobaini baadaye bado tuna watoto wanaokaa mstarini saa nne asubuhi bila kofia kwa sababu kanuni za shule haziruhusu kofia. Huo ni uzembe wetu, tusiusingizie uchawi.

Na hapa siwezi kuwanyamazia wauza mkorogo. Haidrokwinoni iliyomo kwenye krimu nyingi za kujichubua huzuia tirosinasi, kimeng'enya kilekile nilichokitaja. Kwa maneno mengine, anayejichubua analipa fedha ili apokonywe kinga ambayo mwenye ualbino aliikosa kwa urithi. Madaktari wa Dakar, Senegal, wameripoti saratani za ngozi kwa wanawake waliojichubua kwa miaka mingi. Anayekwambia krimu yake "inang'arisha bila madhara" anakudanganya.

Sura ya pili inatuhusu sisi wengine, na jua halihusiki sana. Aprili 1980 Bob Marley alitumbuiza kwenye sherehe za uhuru wa Zimbabwe. Septemba mwaka huohuo alianguka akikimbia mazoezi ndani ya Central Park, New York. Saratani ilikuwa imefika kwenye ubongo. Ilikuwa imegunduliwa mwaka 1977 chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, na alikataa kidole kisikatwe. Mwishoni alikwenda Ujerumani kwa Josef Issels, tabibu aliyeahidi njia nyingine za kutibu saratani. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36.

Watu husema ni mpira wa miguu uliomuua kwa sababu aliumia kidole akicheza. Hakuna ushahidi kwamba pigo moja huzaa melanoma, yaani saratani ya seli za kutengeneza rangi, iliyomuua Marley. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba jeraha humfanya mtu akitazame kitu kilichokuwapo tayari. Melanoma ya nyayo, viganja na chini ya kucha haina kwa wingi ile alama ya jua ya C kuwa T. Ndani yake vipande vya DNA vimekatika, vikahama na kujirudia, na chanzo chake si mionzi. Hakuna mafuta ya jua yanayoizuia. Kwa watu weusi, hii ndiyo melanoma inayotupata zaidi, na kwa kuwa hatukagui nyayo zetu, tunafika hospitali tumechelewa.

Ndiyo maana nimelipenda swali la kucha. Mkimbiaji anayeteremka kutoka Mweka kurudi mjini hugonga vidole kwenye ncha ya kiatu mara maelfu, na damu huvia chini ya kucha. Kucha hiyo huuma, huwa ya zambarau kisha nyeusi, na baada ya wiki kadhaa utaona sehemu safi ikichomoza shinani huku doa likisogea mbele pamoja na kucha. Kucha ya kidole gumba cha mguu huhitaji mwaka hadi mwaka na nusu kujibadilisha yote, kwa hiyo vuta subira. Melanoma hufanya kinyume: ni mstari unaotoka shinani hadi nchani, hauhami, unapanuka, una rangi zaidi ya moja, na hatimaye weusi humwagikia kwenye ngozi inayopakana na kucha. Mistari myembamba ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni ya kawaida kwa watu weusi. Mstari mpya kwenye kucha moja, unaobadilika, si wa kawaida.

Ongeza na hili: kovu la moto au kidonda ndugu kilichokaa miaka kinaweza kugeuka saratani. Kikianza kuota nyama, kunuka au kutoa damu, usikipake unga wa mizizi.

Wanaosema kuchukua kinyama kwenda kupima "kunaiamsha" saratani, halafu wanakuuzia dawa ya kuchoma uvimbe, ndio wanaoua watu. Dawa hiyo huunguza juu na kuacha shina likiendelea chini. Saratani ya ngozi ikiwahiwa hukatwa na kuisha kabisa. Vidoa vya awali vya mwenye ualbino hugandishwa kwa baridi kali kliniki, na mtu akarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Ushauri ni mfupi. Mwenye ualbino: mikono mirefu, kofia ya pama badala ya kapelo, maana kapelo huacha masikio na shingo wazi, mafuta ya jua yenye kinga (SPF) ya 30 au zaidi kila baada ya saa mbili, hata kukiwa na mawingu, na kliniki ya ngozi kila miezi michache. Sisi wengine: mara moja kwa mwezi tazama nyayo, katikati ya vidole na kucha zote. Kidonda au doa lisilopona kwa wiki nne, nenda hospitali.

Na wewe unayechangisha, waulize waandaaji fedha zinanunua nini. Kama ni fulana na mabango, usitoe. Palepale Moshi, hospitali ya KCMC ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na hapo ndipo yalipoanzia mafuta ya Kilisun, yaliyobuniwa kwa ajili ya ngozi za watu wenye ualbino wa nchi hii. Fedha za mbio zinunue mafuta, kofia na nauli ya kufika kliniki. Hayo matatu yanaokoa maisha, na yote yanawezekana kwa michango ya msimu mmoja.