Istilahi za Fundi wa Bao

Fundi anayechonga mabao ya kuuza, awe Tarime au Mugumu wilayani Serengeti, hutumia maneno ambayo ofisini yana maana nyingine. Lenye hatari zaidi ni mtaji. Katika biashara ni mali ya kuanzishia shughuli. Katika bao ni hatua ya mchezo inayoanza baada ya kete zote kuwekwa ubaoni. Mfasiri asiyelijua hilo aweza kumwombea fundi mkopo wa kete!

Bao nalo ni mchezo, ni kifaa chake, na ni goli la mpira. Kwa hiyo haifai hati ya mauzo kuandikwa “mabao 10” tu. Itaje safu: bao la Kiswahili lina safu 4, mashimo 32 na kete 64, ajua ya Wajaluo, ambao nao ni wenyeji wa Mkoa wa Mara, ina safu 2. Asipoelezwa hayo mapema, fundi hupoteza gogo na siku za kazi ya tezo.

Hatuoni haja ya kusema “bodi ya mchezo”, maana bodi imekwisha kushika maana ya halmashauri. Nyumba ibaki nyumba, ila ielezwe kuwa ni shimo la mraba lichongwalo kwa patasi, moja kwa kila mchezaji.