Ua Viroboto Kwanza, Panya Kisha



Kila mwaka, huku kwetu Ituri, mavuno yanapoisha na kiangazi kuanza, mashamba yanabaki matupu. Panya aliyekuwa anakula mahindi huko inje sasa ana njaa. Na wewe umekwisha kuingiza mahindi na maharagi ndani ya nyumba. Basi panya anafuata chakula chake. Halafu mvua zinaporudi, maji yanajaa katika mashimo, na panya waliobaki inje wanatafuta pahali pakavu. Majira yakibadilika, panya wanahama, na wanahamia kwako.

Wamama wengi wanasema, "Panya ni mwizi wa chakula tu." Sivyo. Panya haingii peke yake. Katika manyoya yake kuna viroboto, na viroboto wanaweza kubeba ugonjwa wa tauni, ule ambao wengi wanauita pesti. Ugonjwa huu haujaisha kwetu. Mwaka 2020 ulionekana tena katika zoni ya afya ya Rethy, upande wa Djugu.

TAUNI INAMFIKIA MTOTO NAMNA GANI?

Kiroboto anaishi kwa damu. Akinyonya damu ya panya mgonjwa, vijidudu vya tauni vinaingia tumboni mwake. Kisha panya anakufa. Mwili wake ukipoa, kiroboto hawezi kukaa pale tena. Anaruka kutafuta damu nyingine yenye joto. Nani yuko karibu? Ni mtoto aliyelala chini juu ya mkeka, kando ya mifuko ya mahindi.

Kwa hiyo ujue jambo hili: hapana kuanza kwa kuua panya! Ukiua panya kumi usiku mmoja, na viroboto wao wangali wazima, umewatuma viroboto kwa watoto wako. Ua viroboto kwanza, panya kisha. Na kupita yote, zuia panya asiingie.

KAZI YA KUFANYA MBELE YA MAJIRA KUBADILIKA

1. Tenga chakula na kitanda. Usiweke mahindi katika chumba cha kulala. Kama unaweza, jenga gala juu ya miguu ya miti, yenye urefu wa metre moja, mbali kidogo na nyumba. Katika kila mguu funga bati kama kofia, ili panya ashindwe kupanda. Unga na maharagi ya kila siku, weka ndani ya chombo chenye kifuniko kizito.

2. Ziba matundu. Tundu linaloingiza kidole gumba, panya mdogo anapita. Ziba kwa mawe na udongo, na utazame tena baada ya mvua. Kata majani yanayozunguka nyumba. Takataka, tupa mbali ndani ya shimo na kuzifunika.

3. Fagia kila siku, hata chini ya kitanda na katika pembe. Mayai ya kiroboto yanaanguka chini, na watoto wake wanakomaa ndani ya vumbi. Paka sakafu udongo mpya usiwe na nyufa. Anika mikeka na mablanketi juani.

4. Lala juu. Kiroboto anaruka, lakini hafiki kwenye goti la mtu mzima. Kitanda cha miti chenye urefu huo kinasaidia sana, bora blanketi lisiguse chini.

5. Uliza kwenye kituo cha afya dawa ya kuua viroboto. Inatiwa chini na kwenye mashimo ya panya. Baada ya hapo ndipo utege mitego. Sumu ya panya usiiweke ndani ya chupa ya soda ao karibu na chakula. Watoto wamekufa kwa namna hiyo.

UKIKUTA PANYA AMEKUFA

Kama panya wanakufa wenyewe, bila mtego wala sumu, hiyo ni alama mbaya. Usiwaguse kwa mikono. Watoto wasiwachezee, wasiwachune, wasiwale. Enda upesi kumwambia munganga.

ALAMA ZA TAUNI

Siku 1 mpaka 7 baada ya kuumwa na kiroboto, homa kali inaanza kwa gafula, pamoja na baridi, kichwa kuuma na mwili kuregea. Kisha uvimbe wenye maumivu mengi unatokea kwenye kinena, kwapa ao shingo. Ukiona hivyo, peleka mgonjwa siku ile ile. Usingoje kesho, usikate uvimbe kwa wembe, usinunue vidonge sokoni. Bila dawa, tauni ya uvimbe inaua watu 30 mpaka 60 katika 100. Lakini dawa iko, na ikitolewa mapema, wagonjwa wengi wanapona.

Kama mgonjwa anakohoa na kutoa damu, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu tauni imefika mapafuni na sasa inapita kwa kikohozi. Afunike kinywa. Wote waliomhudumia nao waende kwa munganga, hata wakijisikia wazima, ili wapewe dawa ya kuwakinga.

Mama, kazi hizi zinataka ufagio, udongo, miti na kipande cha bati. Zianze leo ukirudi nyumbani: ondoa kwanza ule mfuko wa mahindi ulio karibu na mkeka wa mtoto.