Majina ya Wazee Yanarudi?

Padri anaposimama mlangoni pa kanisa kuwapokea watoto wachanga, neno la kwanza analowauliza wazazi ni hili: mtoto huyu mmempa jina gani? Miaka mingi sasa jibu limekuwa Glodi, Merdi, Plamedi, Gloire, Exaucé. Lakini katikati ya hayo mama mmoja anajibu Polycarpe, mwingine Godelieve, mwingine Stefano. Vijana wa kwaya wanachekelea, maana kwao hayo ni majina ya wazee wenye kutembea na fimbo. Basi, yanarudi kweli? Na kama yanarudi, ni kwa njia gani? Tumeona vema kueleza jambo hili, kwa kuwa latuhusu sana sisi tunaoshika vitabu vya ubatizo.

Tutazame kwanza yalikotoka. Mapadri Weupe walifika Mpala, kando ya ziwa Tanganika, mwaka 1885. Walikuja na kalendari yao ya watakatifu, na mara nyingi mtoto alipewa jina la mtakatifu wa siku ile. Wa tarehe 5 Januari akaitwa Télesphore, wa tarehe 26 Januari Polycarpe. Kitabu cha sheria za Eklezia cha 1917, kanoni 761, kilimwagiza paroko aangalie mbatizwa apewe jina la kikristu. Wazazi wakikataa, yeye aongeze jina la mtakatifu juu ya lile walilolitaka, na kuyaandika yote mawili. Tuyashike maneno hayo, yote mawili. Sheria haikusema jina la wazee lifutwe. Waliolifuta ni watu.

Tena, katika Kongo mapadri wengi walikuwa Wabelgiji, nao walileta watakatifu wa kwao. Mtakatifu Floribert alikuwa askofu wa Liège katika karne ya 8. Mtakatifu Godelieve alikuwa mke wa mtu katika nchi ya Flandre, akauawa katika karne ya 11. Huko kwao majina hayo si ya kawaida tena; kwetu yalipata watoto wengi. Halafu majina mengine yalikuwa na sura mbili. Mwalimu wa dini alifundisha kwa Kiswahili, akaita Stefano. Bwana wa shule alifundisha kwa Kifaransa, akaita Étienne. Padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati zetu, aliyepewa upadri Baudouinville tarehe 21 Julai 1917, anajulikana kwa sura ya Kiswahili: Stefano Kaoze.

Kalendari yenyewe iligeuka mwaka 1969. Polycarpe akahamishwa mpaka tarehe 23 Februari, Télesphore akaondolewa katika kalendari ya Eklezia yote. Lakini si hilo lililoyavunja majina haya kwetu. Kilichoyavunja ni amri ya Leta.

Oktoba 1971 nchi iliitwa Zaïre, na kwa kuanza mwaka 1972 kila raia alitakiwa kuacha jina la kigeni. Rais mwenyewe, Joseph-Désiré Mobutu, akawa Mobutu Sese Seko. Mapadri walitishiwa kufungwa kama wangebatiza kwa majina ya Ulaya. Kardinali Joseph-Albert Malula wa Kinshasa alipinga. Gazeti la kikatoliki Afrique chrétienne likasimamishwa, naye kardinali akalazimika kwenda Roma kwa miezi kadhaa. Mpaka Aprili 1990, Rais alipotangaza mwisho wa utawala wa chama kimoja, jina la ubatizo lilikuwa jina la nyumbani na la kanisani. Katika karatasi za Leta halikuwepo.

Hapo kuna fundisho ambalo pengine hatulitazami vya kutosha. Aliyezaliwa kati ya 1972 na 1990 leo ni baba, ni mama, wengine ni babu tayari. Kizazi hicho hakikuchukia majina ya watakatifu. Walizuiwa kuyatumia mbele ya watu. Ruhusa iliporudi, wengi hawakuwa na hamu ya kushika tena Symphorien wa baba yao. Walitaka jina lenye kusema jambo. Ndipo yakaja majina ya sala iliyofupishwa: Merdi ni Merci Dieu, Glodi ni Gloire à Dieu, Plamedi ni plan merveilleux de Dieu. Kuna mapadri wanaoyadharau majina haya. Sisi hatuoni sababu ya kuyadharau. Mtu wa Kivu aliyemwita mwana wake Byamungu, yaani «vya Mungu», alifanya kazi ileile kwa lugha yake, wala hakuna aliyemcheka.

Sasa turudi kwa yule Polycarpe mchanga. Huko Ufaransa pia majina ya zamani yamerudi. Louise, Jules na Léon wamejaa tena katika shule za watoto. Lakini huko, kwa kawaida, jina hulala kwanza. Jina la baba laonekana la kila siku, jina la babu laonekana limezeeka, na jina la baba wa babu, kwa kuwa hakuna tena anayelikumbuka usoni, laonekana zuri kama jipya. Kwetu haiko hivyo. Kwetu jina halingoji kusahauliwa, lafuata damu. Mjukuu huchukua jina la babu, na kutoka siku ile mzee humwita mwenzangu, bibi humtania akimwita mume wangu, na baba mzazi mwenyewe huona haya kidogo kumpiga mtoto mwenye jina la baba yake. Jina kama hilo halina habari na mtindo wa mjini. Polycarpe amerudi kwa sababu babu Polycarpe amekufa mwaka jana, au kwa sababu yungali hai na mwana wake anamheshimu.

Kwa hiyo jibu letu kwa ulizo la kwanza ni ndiyo, yanarudi, lakini kwa mlango wa jamaa. Na hapo panaonekana lile pengo: babu waliozaliwa mbele ya 1972 wanarudisha majina mawili, la mtakatifu na la ukoo, wale waliozaliwa nyuma yake mara nyingi wanarudisha la ukoo tu. Padri asimwambie mzazi kwamba jina la namna hiyo halifai kwa ubatizo. Kitabu cha sheria cha 1983, kanoni 855, hakidai tena jina la mtakatifu. Chadai tu wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lililo geni kwa moyo wa kikristu. Kambale, ambalo kwa Wanande ni jina la mtoto mwanamume wa pili, au Kasereka, la watatu, si geni hata kidogo kwa moyo wa kikristu. Majina hayo ya hesabu, tuseme pembeni, ndiyo pekee yasiyozeeka: maadamu mama huzaa wa pili, Kambale atakuwepo.

Hatari leo iko upande mwingine. Wako wahubiri wanaowaambia watu kwamba jina la babu linafunga, kwamba lina laana ndani yake, na kwamba taabu ya mtoto shuleni ama ya msichana asiyepata mume yatoka kwalo. Wakristu wetu wengine wanasikia hayo, wanakuja paroko afute jina kitabuni. Asifute. Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaïre, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, inawaita pamoja na watakatifu wale wazee wetu wenye moyo mnyofu. Tutawaitaje altareni, kama tunaogopa kuwaita nyumbani? Kweli yako majina machungu, majina ya matanga na ya ugomvi, na mzazi anayeepa kumtwika mtoto jina la namna hiyo ana haki. Lakini hilo ni shauri la akili na la upendo, si la woga.

Mwenye heri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, alikuwa kwa haki Nengapeta. Anuarite lilikuwa jina la dada yake, likaandikwa shuleni kwa makosa, naye akabaki nalo. Papa Yohane Paulo II alipomtangaza mwenye heri Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, Eklezia ilishika yote: Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta. Tangu hapo jina la Wabudu limekuwa jina la mtakatifu somo, na wasichana wanabatizwa Anuarite. Vilevile Floribert Bwana Chui bin Kositi, kijana wa Goma aliyeuawa mwaka 2007 kwa kukataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiingizwe sokoni, akatangazwa mwenye heri Roma tarehe 15 Juni 2025. Alizaliwa mwaka 1981, wakati jina Floribert lilikatazwa katika karatasi zote. Hatutashangaa kuwasikia akina Floribert wengi mlangoni pa makanisa ya Kivu.

Yabaki kazi ya kalamu. Kanoni 877 yamwagiza paroko aandike bila kukawia majina ya mbatizwa, ya wazazi, ya wasimamizi, na tarehe. Wachumba wanapokuja kutafuta hati ya ubatizo, taabu zetu nyingi zaanzia hapo: aliyebatizwa Stefano anajiita Étienne katika kadi yake, na aliyebatizwa mwaka 1978 pengine ana jina kitabuni ambalo halipo katika karatasi yoyote ya Leta. Usimsahihishe mtu kwa kubuni. Mwulize jina la baba, la mama, la msimamizi, na mwaka. Tafuta kwa hayo. Ukimpata, andika hati kama kitabu kinavyosema, kisha ongeza pembeni jina analotumia sasa. Na kwa mtoto wa leo, mwombe mzazi alitamke jina la babu polepole, herufi kwa herufi, mbele hujaandika. Mzee mwenyewe akiwepo, mwulize yeye.