Mzee Anayeshindwa Kusimama: Operesheni Ipi Imfaayo?

Katika nyumba zetu nyingi yumo mzee ambaye jana alikwenda msikitini kwa miguu, na leo hafiki nusu ya njia ila ashike ukuta na kuinama. Akisimama kwa kisomo kirefu, miguu humwaka na kufa ganzi. Akirukuu hupata nafuu. Watu husema, "Ni uzee tu." Sivyo. Maradhi haya yanatambulikana na yanatibika, nasi tumeona yatupasa kuyaeleza, kwa kuwa wako watoto wauzao shamba ili kumtibu mzazi wao pasipo kujua wanunualo.

Ndani ya uti wa mgongo mna mfereji upitishao mishipa ya fahamu. Umri ukienda, kano za ndani hunenepa, visahani vilivyo baina ya pingili hutokeza, na viungo huota mifupa. Basi mfereji hubana kiunoni na mishipa hukandamizwa. Mtu akiinama mfereji hupanuka kidogo. Ndiyo sababu asiyeweza kutembea huweza kwenda mbali kwa baiskeli. Henk Verbiest, daktari wa Uholanzi, aliyaeleza maradhi haya waziwazi mwaka 1954.

Operesheni zake kubwa ni namna tatu. Ya kwanza ni kupanua mfereji: daktari huondoa sehemu ya mfupa wa nyuma na kano iliyonenepa, mishipa ikapata nafasi. Ya pili ni kupanua na tena kuunganisha pingili mbili kwa skrubu na vipande vya mfupa ziwe kama moja. Ya tatu ni kutia kipande kidogo baina ya miiba ya pingili ili kuzitenga.

Je, iliyo kubwa zaidi ndiyo bora? Huko Sweden, mwaka 2016, ilitolewa habari ya wagonjwa 247. Baada ya miaka miwili waliounganishwa pingili hawakuwashinda waliopanuliwa tu, ila walikaa hospitali siku 7 badala ya 4, wakapoteza damu zaidi. Huko Norway, mwaka 2021, wagonjwa 267 ambao pingili zao zimeteleza walichunguzwa. Waliopata nafuu ya kutosha walikuwa kiasi cha 7 katika kila 10, pande zote mbili. Lakini uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2016, wenye watu 66 tu, ulionyesha kuwa kwa pingili iliyoteleza kuunganisha kulizidi kidogo, na waliorudi kupasuliwa walikuwa wachache. Kwa hiyo kuunganisha kuna mahali pake, hasa pingili zinapochezacheza, wala si desturi ya kila mgonjwa. Ama kile kipande, huko Uholanzi, mwaka 2013, ilionekana kuwa waliowekewa walirudi kupasuliwa 29 katika 100, na waliopanuliwa 8 tu.

Tena si kila mtu hupasuliwa. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2015 uliwalinganisha wagonjwa 169: baada ya miaka miwili, waliopangiwa mazoezi na waliopangiwa operesheni walikuwa sawa, ingawa zaidi ya nusu ya wale wa mazoezi waliishia kupasuliwa. Lakini mgonjwa akishindwa kuzuia mkojo au choo, akafa ganzi sehemu za siri, au miguu ikalegea ghafla, apelekwe hospitali siku ile ile.

Basi kabla ya kuuza shamba, mwulizeni daktari: Je, pingili imeteleza? Kupanua peke yake hakutoshi? Kwa nini? Tena mwambieni mzee ukweli, kwamba operesheni huondoa maumivu ya miguu kuliko ya mgongo. Halafu mwacheni anene yeye mwenyewe, kwani mgongo ni wake. Si kila kilicho ghali ni dawa, wala si kila kilicho rahisi ni upungufu. Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu shifaa.