Springi za mbele zinavyomwokoa mwendeshaji katika theluji nene

WAENDESHAJI wa pikipiki za theluji katika milima ya Rocky, Marekani na Canada, wanajua fika kwamba chombo kikikwama katikati ya mteremko mkali, humwacha mtu mahali ambapo poromoko la theluji laweza kumfunika. Marekebisho ya springi za mbele, basi, si pambo.

Kwenye njia iliyoshindiliwa, chombo hutakiwa kutulia wima. Skii zake mbili hutanuliwa na kuunganishwa kwa stabilaiza, kile chuma ambacho hata kwenye magari huzuia kuyumba. Katika theluji nene mambo hugeuka. Mwendeshaji hulazimika kukilaza chombo ili kipite ubavuni mwa mlima kikiegemea skii ya upande wa juu. Kwa hiyo skii hukaribishwa, kiasi cha sentimita 91 baina yao, stabilaiza mara nyingi huondolewa, nazo springi hulegezwa kwa kipimo sawa kulia na kushoto. Zikilegea kupita kiasi, pua huzama.

Linalowakanganya wengi ni kwamba uzito unaozikalia skii hutegemea pia kamba fupi bapa iliyo nyuma yake, ndani ya mnyororo wa mpira unaosukuma chombo. Ikifupishwa, skii hukandamizwa na usukani hutii wakati wa kupanda. Ikirefushwa, pua huinuka na kuelea, lakini kona hukataa. Kamba hiyo ina matundu. Fundi mwenye busara husogeza tundu moja tu, kisha hurudia kilima kilekile kidogo kupima tofauti.