Kabla ya Kuchimba Bwawa, Tuujue Mwili wa Samaki

Wengi wetu tuna jamaa waliohamia bara, na wapo waliojenga Yamumbi, viungani mwa mji wa Eldoret. Hamu ya samaki haikuwaacha walipoondoka pwani, ndipo likaja wazo la kuchimba bwawa nyuma ya nyumba na kufuga perege. Wazo ni jema. Lakini fedha ya familia ni amana, na kabla ya kuitumia yafaa tumjue samaki mwenyewe.

Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kufufua uchumi. Yakachimbwa mabwawa 200 katika kila jimbo kati ya majimbo 140 ya uchaguzi, kila bwawa likiwa na mita za mraba 300. Mabwawa yalikuwa ya kipimo kimoja, ilhali nchi si ya hali moja. Ruzuku ilipokwisha, mengi yalitelekezwa. Chakula kilikuwa ghali, na katika nyanda za juu baridi nayo ilichangia.

Samaki hana joto lake mwenyewe. Mwili wake hufuata joto la maji. Perege hustawi katika nyuzi 27 hadi 30 za Selsiasi. Chini ya nyuzi 20 hamu yake ya kula hupungua na kuzaana husimama. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na wastani wa joto la hewa ni karibu nyuzi 17. Chakula anachotupiwa asubuhi ya baridi huzama, huoza, na kuoza huko hula oksijeni. Tena huko juu hewa ni nyepesi, hata maji hubeba oksijeni pungufu kwa kadiri ya moja ya tano kuliko maji ya joto hilohilo Mombasa.

Je, joto la dunia linaloongezeka litamfaa mfugaji wa Yamumbi? Si kwa wepesi huo. Maji yanapopata joto, samaki huhitaji oksijeni zaidi, na maji hayohayo huweza kubeba kidogo.

Huku kwetu mfano ni mwatiko, afugwaye Kilifi, Kwale na Unguja. Akiwa baharini hunywa maji na kuitoa chumvi kupitia matamvua. Mvua ikiyapunguza makali ya chumvi, matamvua hayo hugeuza kazi, yakavuta chumvi kutoka majini. Kwa hiyo huvumilia ukame wa kaskazi na mafuriko ya masika. Hata hivyo kazi hiyo hula nguvu ambayo ingemkuza. Mabadiliko ya ghafla humchosha.

Basi jamaa wa Yamumbi aanze na kipimajoto. Apime maji alfajiri na alasiri, aandike, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Alishe jua likiwa limepanda, asijaze samaki kupita kiasi, na akiweza alifunike bwawa kwa nailoni ya kuhifadhi joto. Afikirie pia kambale, mwenye kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji oksijeni inapopungua. Chuo Kikuu cha Eldoret kinafundisha elimu ya uvuvi. Si mbali kwenda kuuliza.

Kuuliza ni kazi ya siku moja. Bwawa lililokwisha kuchimbwa mahali pasipofaa ni hasara ya miaka.